Hatari Hii ni ya Nani?

Anayejenga hukutana na swali hili mapema au baadaye: kwa nini nyumba iliyopangiwa mwaka mmoja huingia mwaka wa tatu, na pesa kuisha kabla ya paa? Vijana waliotoka chuoni wana swali lao, ambalo ukilitazama juu juu halihusiani na hilo: nataka kuwa meneja wa miradi, nianze na cheti au nianze na kazi? Nayaweka pamoja katika sura hii kwa kuwa naamini jibu la swali la kwanza ndilo linalofungua la pili. Miradi mingi inayokwama ilikuwa na mpango, tena mara nyingi mpango mzuri. Jambo lililoikwamisha lilikuwa likijulikana na karibu kila mtu aliyehusika, ila halikuwa kazi ya mtu yeyote. Anayejifunza kuuliza, kwa upole na kwa maandishi, jambo hili ni la nani, ameanza kazi ya umeneja wa miradi hata kama kitambulisho chake kinasema karani.

Mpango mzuri wenye mapengo

Kitisuru, magharibi mwa Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu visingizio vya kawaida havifai huko. Pesa, mara nyingi, zipo. Udongo ni mwekundu na wa kina, haufanani na ule mweusi wa upande wa Embakasi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Wasanifu majengo na wahandisi ni wa kuchagua. Bado nyumba hukwama. Ardhi yenyewe ni migongo na mabonde, na ploti iliyoinama inadai ukuta wa kuzuia udongo ambao mwenye nyumba hakuuona akilini aliponunua mandhari. Sehemu kubwa ya mtaa haijaunganishwa na bomba la majitaka la umma, hivyo nyumba inahitaji tangi lake la chini ya ardhi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, basi wengi huchimba kisima, na kisima kinataka idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Majirani waliozoea nyumba moja kwa ploti moja kubwa hawaoni taabu kuajiri wakili wakisikia ghorofa inakuja.

Sasa tazama mpango unaobandikwa ukutani pale saiti. Kwa kawaida ni jedwali la mistari: kila kazi ina mstari wake unaoanza wiki fulani na kuishia nyingine. Mtindo huu ulienezwa na mhandisi Mmarekani, Henry Gantt, katika miaka ya 1910, na hadi leo hakuna chombo kilicho rahisi zaidi kusomwa na watu wa elimu tofauti. Silidharau hata kidogo. Lakini jedwali linaonyesha kazi, halionyeshi nafasi iliyo kati ya kazi na kazi. Msingi unaisha Ijumaa, kuta zinaanza Jumatatu. Nani amehakikisha kwamba mkaguzi wa kaunti atafika katikati? Mkandarasi anadhani ni mhandisi. Mhandisi anadhani ni msanifu, aliyepeleka michoro City Hall. Msanifu alishalipwa awamu yake na yuko kwenye kazi nyingine. Hakuna mzembe hapo, kila mmoja amefanya lililoandikwa kwenye mkataba wake, na wiki tatu zimekwenda.

Kabla ya kuendelea, maneno matatu. *Mradi* ni kazi yenye mwanzo, mwisho na kitu kinachobaki baadaye: nyumba, kisima, mfumo wa malipo, kampeni ya chanjo. *Hatari* ya mradi ni jambo ambalo bado halijatokea, huenda likatokea, na likitokea litagusa muda, pesa au ubora. Likishatokea linaitwa tatizo, na bei ya kulishughulikia huwa imepanda. *Mwenye hatari* ni mtu mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake ni kuliangalia jambo hilo na ambaye ana uwezo wa kufanya kitu. Sehemu hiyo ya mwisho, uwezo wa kufanya kitu, ndiyo watu huisahau.

Mitambo tayari, waya bado

Mfano mkubwa wa nchi yetu uko mbali na Kitisuru, kule Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ingawa umeme wake huingia kwenye gridi inayowasha taa za Nairobi. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Kujenga mitambo hiyo nyikani, mahali ambapo hata barabara ilibidi itengenezwe kwanza, ndiko watu wengi wangekuita kazi ngumu. Ilikamilika mapema mwaka 2017. Kisha ikasimama hadi Septemba 2018 bila kuuza umeme, kwa sababu njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikuwa haijaisha. Njia hiyo ilikuwa mradi mwingine, wa shirika la serikali la usafirishaji umeme, KETRACO. Fidia kwa wenye ardhi ilichelewa, kisha mkandarasi kutoka Hispania, Isolux Corsán, akafilisika, na ikabidi kampuni za China zimalizie.

Ingekuwa rahisi kusema hakuna aliyefikiria hatari ya nyaya kuchelewa. Ukweli unafundisha zaidi. Ilifikiriwa sana. Mkataba ulieleza kwamba mitambo ikiwa tayari na nyaya hazijafika, mnunuzi atalipia umeme ambao ungezalishwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa dhamana maalumu ya euro milioni 20 kwa ajili ya hatari hiyohiyo. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa mwaka 2012, ikihofia Kenya ingejikuta inalipia umeme isioutumia. Hatari ilikuwa na jina, ilikuwa na bei, na ilikuwa na mwenyewe kwenye karatasi: upande wa serikali. Lakini aliyelipa mwishowe ni mteja wa umeme na mlipa kodi, watu ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kumharakisha mkandarasi wala kumlipa mwenye shamba fidia yake. Wawekezaji walikuwa wamekingwa vizuri. Mradi wenyewe, ukiuhesabu kama kitu kimoja kuanzia upepo hadi swichi, haukuwa na mtu mmoja aliyeamka asubuhi akijiuliza nyaya zimefika wapi na akiwa na mamlaka ya kulazimisha jibu.

Irudishe hali hiyo kwenye nyumba ya Kitisuru utaiona bila darubini. Rangi imepakwa, vigae vimelala, jiko limefungwa, na kisima hakina idhini au Kenya Power hawajaleta mita. Familia inaendelea kulipa kodi mahali pengine na riba ya mkopo juu yake. Wataalamu huuita mfululizo wa kazi zinazoamua tarehe ya mwisho *njia kuu ya muda*: kazi ambazo ukichelewesha moja kwa siku moja, mradi wote unachelewa kwa siku moja. Kosa linalojirudia ni kudhani njia hiyo inapita kwenye zege na mawe ya Ndarugo, kwa kuwa huko ndiko kwenye kelele. Mara nyingi inapita kwenye ofisi ambako barua inasubiri sahihi.

Kwa ufupi:

- Mpango huonyesha kazi, hatari hukaa kati ya kazi.
- Kutaja hatari kwenye mkataba hakutoshi. Inahitaji mtu mwenye uwezo wa kuifanyia kitu.
- Tafuta njia kuu ya muda kwenye vibali na viunganishi kabla ya kuitafuta kwenye ujenzi.

Kuhamisha si kufuta

Vitabu vingi vya fani hii vinafundisha kwamba ukishaiona hatari una mambo manne ya kufanya. Unaweza *kuiepuka*, kwa mfano kuacha ploti iliyo ukingoni mwa mto. Unaweza *kuipunguza*, kama kuchimba msingi Januari badala ya Aprili. Unaweza *kuihamisha* kwa bima au kwa mkataba. Na unaweza *kuikubali* huku umeweka akiba ya tahadhari, ile asilimia 5 hadi 10 ambayo wakadiriaji wa gharama huongeza mwishoni mwa BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na bei zake. Kati ya hayo manne, linalopendwa kuliko yote ni la tatu, na ndilo linalodanganya kuliko yote.

Chukua barabara ya juu ya Nairobi, Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa magari mwezi Mei 2022. Serikali ilieleza kwamba gharama ya ujenzi imebebwa na mwekezaji, kampuni ya China Road and Bridge Corporation, ambaye atarudisha pesa zake kupitia ada za barabara kwa karibu miongo mitatu. Huo ni uhamisho wa hatari wa wazi, na kwa upande wa ujenzi ulifanya kazi: barabara ilijengwa kwa kasi. Lakini pesa za mwekezaji zina sarafu yake. Shilingi iliposhuka kutoka takriban 123 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi karibu 160 mwaka mmoja baadaye, ada zikapandishwa, na dereva wa gari dogo aliyelipa shilingi 360 kwa safari nzima akaanza kulipa 500 mwezi Januari 2024. Hatari ya sarafu ilikuwa imeingia kwenye kibanda cha kulipia ada siku ile mkataba uliposainiwa. Sisemi mkataba ulikuwa mbaya, barabara za aina hii huendeshwa hivyo katika nchi nyingi. Nasema anayesoma mpango aufuate uhamisho hadi mwisho, amwone mtu anayebaki na mzigo mikononi.

Kwenye nyumba, uhamisho wa namna hii huitwa bei moja isiyobadilika. Mwenye nyumba anafurahi: mkandarasi amekubali kiasi kimoja, liwalo na liwe. Chuma kinapanda, shilingi inashuka, mkandarasi anaanza kupata hasara, na siku moja mafundi hawaji. Mwenye nyumba ana mkataba mzuri mkononi na magofu kwenye ploti. Hatari uliyomhamishia mtu asiyeweza kuibeba hukurudia, tena imekomaa.

Kibali na mto

Kuna wanaosema: mimi nafuata sheria, nina vibali vyote, nina hati safi, hatari ya nini tena? Hoja hii ina nguvu, maana vibali ni ukuta wa kwanza wa ulinzi na wengi hawana hata hivyo vibali. Lakini Agosti 2018, kilomita chache tu kutoka Kitisuru, tingatinga ziliangusha jengo la Ukay Centre kule Westlands, jengo la maduka lililokuwa limehudumia wakazi kwa miaka mingi. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilijengwa kwenye njia ya mto Kibagare. Wafanyabiashara waliopanga humo walikuwa na mikataba halali, na jengo halikuwa limejificha. Mto nao haukuwa siri, kwani maji yalikuwa yameshaingia humo katika msimu wa mvua. Huenda kila mpangaji alidhani suala la mto ni la mwenye jengo, na kila ofisi ikadhani ni la ofisi nyingine.

Kwa anayenunua ploti ya bondeni magharibi mwa jiji, funzo ni la vitendo. Umbali wa kuachwa kutoka mtoni hutajwa kuwa kati ya mita 6 na 30, na taasisi tofauti zimewahi kuusoma tofauti. Baada ya mafuriko makubwa ya Aprili na Mei 2024, amri ya kuhama kingo za mito ilikuja kwa saa, haikuja kwa miezi. Basi upekuzi wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni ulioanza Nairobi mwaka 2021, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mpimaji anayekwenda kwenye ploti yenyewe wakati wa mvua, anaona maji yanafika wapi, na kuandika alichokiona.

Daftari la hatari la nyumba moja

*Daftari la hatari* ni orodha ya mambo yanayoweza kwenda kombo, ishara ya kila moja, mwenyewe, na hatua. Halihitaji programu ya kompyuta, karatasi ya mistari inatosha. La nyumba ya kawaida Kitisuru linaweza kuanza hivi:

- Idhini ya kisima kuchelewa. Ishara: ombi halina nambari ya kumbukumbu baada ya wiki mbili. Mwenyewe: mwenye nyumba, kwa kuwa ombi liko kwa jina lake. Hatua: kuomba kabla ya kuchimba msingi, na kununua tangi kubwa la kuhifadhi maji ya kujengea.
- Mvua kuingia kwenye msingi. Ishara: kazi ya kuchimba haijaisha katikati ya Machi. Mwenyewe: foremani. Hatua: mtaro wa kuelekeza maji na pampu iwepo saitini kabla, isikodishwe siku ya mafuriko.
- Jirani kukata rufaa. Ishara: barua ya chama cha wakazi, au maswali mengi langoni. Mwenyewe: msanifu. Hatua: kuwaonyesha majirani michoro kabla mamlaka ya mazingira, NEMA, haijatoa leseni yake, kwa kuwa rufaa kwenye mahakama maalumu ya mazingira huruhusiwa ndani ya siku 60 na inaweza kusimamisha kazi.
- Vifaa vya kutoka nje kupanda bei. Ishara: shilingi kushuka miezi miwili mfululizo. Mwenyewe: mkadiriaji gharama. Hatua: kuchagua mapema vya hapa nchini vinavyolingana.

Ona kwamba hakuna mstari unaosema mwenyewe ni "timu" au "wote". Neno "wote" kwenye safu hiyo lina thamani sawa na nafasi tupu. Ona pia kwamba mistari ni minne. Daftari lenye mistari sabini halisomwi, na kila mwenye biashara ya ushauri anajua jinsi ya kuandika lenye mistari sabini.

"Nchi hii haitabiriki"

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni hili: haya yote yanafaa Ulaya. Hapa serikali inabadilika, bei zinabadilika, umeme unakatika, mipango ni kujichosha. Lakini hesabu mambo yanayosimamisha miradi yetu uone ni mangapi yana kalenda. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na fupi Oktoba hadi Desemba. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kila mkandarasi wa Nairobi anajua miezi inayouzunguka huwa mizito. Bajeti na kodi mpya huja Juni. Katikati ya Desemba mafundi hufunga safari kwenda nyumbani na wengi hawarudi kabla ya wiki ya pili ya Januari. Hakuna unabii unaohitajika hapo. Yasiyotabirika kweli yapo, kama janga la korona la 2020, na hayo yanabebwa na akiba ya pesa na muda. Ila akiba hiyo ikishaliwa na mvua ya Aprili, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, haitakuwepo siku ya janga.

Pingamizi la pili linatoka kwa wakandarasi: nikiorodhesha hatari na kuzitilia bei, zabuni inakwenda kwa yule aliyenyamaza. Ni kweli, na sitajifanya kuna jibu tamu. Mara nyingine utaipoteza kazi. Unachoweza kufanya ni kutenganisha bei: hii ni ya kazi, hii ni ya hatari fulani, na isipotokea pesa zinabaki kwa mteja. Mteja mwenye akili huona tofauti. Yule asiyeiona atakuwa mgumu kulipa kwa vyovyote.

Cheti au kazi?

Turudi kwa kijana wetu. Matangazo ya kazi yanataka cheti, hasa PMP, kinachotolewa na taasisi ya Kimarekani ya PMI iliyoanzishwa mwaka 1969 na yenye tawi hapa Kenya. Wengi hawasomi masharti hadi mwisho. Kwa kawaida mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, asiye na shahada miezi 60, na wote wawe na saa 35 za mafunzo. Yaani cheti hicho ni muhuri juu ya uzoefu uliopo. Anayeanza anaweza kufanya CAPM ya taasisi hiyohiyo, isiyodai uzoefu ila saa 23 za mafunzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya upangaji na usimamizi wa miradi, na Chuo cha Serikali cha Kenya kule Lower Kabete, jirani kabisa na Kitisuru, huwanoa watumishi wa umma. Vyote vina faida. Lakini mwajiri aliyechomwa na mradi uliokwama haulizi kama unaweza kutaja mambo manne ya kufanya na hatari. Anauliza uliwahi kuiona ipi mapema, na ulifanya nini.

Jibu la swali hilo hupatikana mahali pasipo na tangazo. Kamati ya ujenzi ya kanisa au msikiti, chama kinachonunua ploti, shule inayoweka matangi ya maji: hii ni miradi kamili, yenye pesa za watu, tarehe na ugomvi, na karibu kila mmoja unakosa mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Jitolee kuziandika. Kwenye saiti, karani wa stoo na msaidizi wa foremani huona mapengo ambayo mkurugenzi haoni. Kwenye mashirika mengi ya misaada yenye ofisi Nairobi, msaidizi wa ufuatiliaji, yule anayelinganisha kilichoahidiwa na kilichofanyika, yuko palepale kwenye taarifa zenyewe.

Ugumu unaokusubiri ni wa adabu kuliko wa ufundi. Karani wa miaka 24 hawezi kumwambia mhandisi mbele ya mwenye nyumba kwamba hatari ya mkaguzi ni yake. Anaweza kuuliza, "Mhandisi, kwenye kumbukumbu niandike nani atafuatilia ukaguzi wa Ijumaa?" kisha anyamaze. Kimya hicho ndicho kinachofanya kazi. Jina likitajwa, liandikwe pamoja na tarehe, na kumbukumbu zitumwe kwa wote jioni hiyohiyo, kabla kila mtu hajajikumbukia mkutano wake mwenyewe. Jina lisipotajwa, andika "bado hajateuliwa" na uliache hivyo. Mkutano ujao mstari huo usomwe kwanza, kabla ya taarifa ya zege.